Chai ya Kericho, Picha ya Assam

Katika tovuti ya shule moja ya sekondari iliyo katika nchi ya chai, upande wa Bomet, ukurasa wa kwanza umepambwa kwa picha kubwa ya mwanamke akichuma majani. Picha yenyewe ni nzuri, na kijani chake kimekolea hadi macho yanatamani kukaa hapo. Ila mwanamke huyo amevaa sari, na kikapu chake kimening'inia mgongoni kwa mkanda uliopitishwa juu ya kichwa. Yeyote aliyewahi kuifuata barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik anafahamu kwamba kwetu kikapu hubebwa kwa kamba za mabegani, kwamba mchumaji hujifunga aproni ya plastiki kwa ajili ya umande, na kwamba mara nyingi mchumaji huyo ni mwanamume. Shamba lile ni la Assam, au la Darjeeling, au pengine la Sri Lanka.

Nilipomwuliza mwalimu anayesimamia chama cha kompyuta shuleni humo, alinijibu bila ya wasiwasi wowote: "Ilikuja na kiolezo, Daktari. Vijana waliimaliza kazi yote kwa siku mbili." Ndiyo kusema kwamba picha hiyo haikuchaguliwa na mtu. Ilikuwamo tu, kama sarafu ya nchi nyingine inavyokutwa katika mfuko wa suruali ya mitumba.

Vipande hivi vilivyotengenezwa tayari ndivyo ninavyotaka kuvizungumzia, maadam walimu wengi sasa wanawafundisha wanafunzi kutengeneza tovuti, na jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza ni kwamba hana haja ya kuchora chochote. Kuna violezo vya kurasa nzima. Kuna vitufe, menyu, na aikoni za bahasha, simu na kioo cha kukuzia. Kuna maghala ya picha ambamo kila tabasamu limekwisha kupigwa na linangoja mwenye kulihitaji. Programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ina maelfu ya violezo, na vingi ni vya bure. Bootstrap, iliyotolewa mwaka 2011 na Mark Otto na Jacob Thornton walipokuwa wafanyakazi wa Twitter, humpa mwanagenzi fomu, vitufe na mpangilio wa safu 12 unaojikunja wenyewe ukurasa unapofunguliwa katika simu. Kazi ambayo katika miaka ya 1990 ilimkalisha fundi majuma kadhaa, leo mwanafunzi wa sekondari huimaliza kati ya Ijumaa na Jumapili.

Mimi si miongoni mwa wanaodai kwamba mwanafunzi aadhibiwe kwa kutumia kilicho tayari. Mwanaisimu hana haki ya kudharau kilicho tayari, kwa kuwa lugha yenyewe ni ghala la vitu vya namna hiyo. Chukua kitenzi "anachuma". Kiambishi "a" hakikubuniwa na msemaji, alikikuta. Vivyo hivyo "na" ya wakati uliopo, na irabu ya mwisho. Kati ya vipande vinne vya neno hilo, ni kimoja tu, yaani mzizi "chum", ambacho msemaji amekichagua ili aseme jambo alilokusudia badala ya jingine. Hakuna Mswahili anayeamka alfajiri akabuni kiambishi kipya cha njeo kabla ya kumwamkia jirani yake. Angefanya hivyo, salamu isingefika kabla ya adhuhuri.

Tovuti nayo ina viambishi vyake na mizizi yake. Menyu kukaa juu, aikoni ya bahasha kumaanisha barua, ukurasa kujikunja katika simu: hivyo ni viambishi. Anayejitia kuvibuni upya anampotezea msomaji muda, maana msomaji amekwisha kuvizoea. Mzizi ni yale yanayoifanya tovuti kuwa ya shule hii na si ya ile, ya chama hiki cha wakulima na si cha kule ng'ambo: picha, majina, maneno na lugha. Kosa ninaloliona katika tovuti nyingi za kwetu ni kwamba viambishi vilipoazimwa, mzizi nao uliazimwa, na kilichobaki ni neno lisilosema lolote juu ya mwenyewe.

Wenzetu wa pwani waliijua tofauti hii zamani kabla ya tarakilishi. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Muundo huo hauguswi. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayojulikana zaidi kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", imekuwa katika biashara hii tangu mwaka 1887, na leso zake huuzwa kwa jozi zikiwa na vipimo na mpangilio ule ule. Lakini mwanamke anayeingia dukani hanunui pindo. Anasoma jina. Leso mbili zenye mji unaofanana zinaweza kwenda kwa watu wawili wasiosalimiana, kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa chini. Hicho ni kiolezo kinachojua mahali pa kukomea.

(Wapiga chapa wa Ulaya nao walikuwa na vipande vyao vya chuma vilivyotayarishwa mapema ili wasipange herufi upya kila mara. Wafaransa walikiita kipande cha namna hiyo "cliché", na jina jingine la ufundi huo, lililoenezwa na Firmin Didot mwishoni mwa karne ya 18, lilikuwa "stereotype". Maneno yote mawili yalitoka karakana ya chapa yakaja kumaanisha wazo lililochakaa na picha ya jumla tuliyo nayo juu ya watu tusiowajua. Walimu wa insha wataielewa safari hiyo bila ya msaada wangu.)

Sasa tuingie katika lugha, ambako madhara ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Violezo vingi vimeundwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina upatanisho wa kisarufi kama wetu. Kivumishi chake hakibadiliki, iwe kinasifu kitabu, mwalimu au jengo. Kwa hiyo fundi huandika kivumishi mara moja tu, akaacha pengo, na mashine hulijaza pengo hilo kwa nomino yoyote. Kwa Kiingereza hila hiyo haina dosari. Mwanafunzi wetu anapokuja na kamusi yake akakitafsiri kiolezo, huandika "mpya" mara moja, kama alivyofanya yule wa kwanza, na mashine humtolea: "Mwalimu mpya", sawa, "Vitabu mpya", "Majengo mpya", "Matangazo mpya". Kuna kitufe kingine kinachomwalika msomaji kutazama kila kilichomo. Kikitafsiriwa "Tazama yote", kitafaa chini ya matangazo, lakini chini ya vitabu panatakiwa "vyote", chini ya picha "zote" na chini ya walimu "wote". Pia kuna lile tangazo la muda ambalo nimelikuta mara nyingi: "dakika 1 zilizopita".

Hayo ni makosa yale yale tunayoyapigia mstari mwekundu katika daftari za kidato cha kwanza. Ajabu ni kwamba mwalimu anayemtoa alama mwanafunzi kwa kuandika "vitabu mpya" huenda akapita mbele ya maneno hayo katika tovuti ya shule yake mwaka mzima asiyaone. Yaliyotoka katika mashine yana heshima ambayo daftari halina. Nami nachelea kwamba mtoto anayeyasoma kila siku katika ukurasa wenye nembo ya shule ataamini kwamba ngeli ni sheria ya chumba cha mtihani tu.

Dawa yake si ngumu. Ama kila kirai kiandikwe kizima kwa kila nomino, "vitabu vipya" mahali pake na "walimu wapya" mahali pake, ama sentensi ipangwe upya ili upatanisho usihitajike: "Vitabu: 3. Walimu: 2." Ni kazi ya saa moja, na ni somo zuri la sarufi kwa darasa zima, zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Anayetengeneza tovuti kwa Kikipsigis atakutana na mtihani mwingine, kwa kuwa wingi wa nomino za lugha hiyo hauundwi kwa kiambishi kimoja cha kubandika. Huko kiolezo kinachojiongezea wingi chenyewe hakifai kabisa.

Baya kuliko yote ni maneno ya kujazia nafasi. Wachapishaji hutumia Kilatini kilichovurugwa, kilichokatwa katika kitabu cha Cicero juu ya mema na mabaya, cha mwaka 45 kabla ya Kristo. Kampuni ya Letraset ilikieneza katika miaka ya 1960 na baadaye programu za uchapishaji zikakirithi. Kusudi lake ni kuonyesha umbo la ukurasa kabla ya maandishi kupatikana. Katika tovuti ya chama kimoja cha ushirika, chini ya kichwa "Historia Yetu", Kilatini hicho kingali pale. Wakulima wake walio hai wanawakumbuka waliopeleka majani ya kwanza katika kituo cha kununulia, na mahali pao ameketi Cicero, tena akisema upuuzi ambao hakuusema.

Narudi kwenye picha ya yule mwanamke. Kuna atakayeniambia kwamba mchai wenyewe ulitoka India, na kwamba aliyeupokea mche asione haya kupokea picha. Ni kweli kwamba mbegu zililetwa kutoka huko na kupandwa Limuru mwaka 1903, na kwamba makampuni makubwa, Brooke Bond na James Finlay, yaliingia Kericho katika miaka ya 1920. Lakini tazama kilichofuata. Mche uliletwa, ukapandwa, ukapogolewa, ukachaguliwa kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho wakatoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyozalishwa hapa hapa. Hivyo ndivyo kitu cha kuazima kinavyofanyiwa kazi. Picha ya Assam haikupandwa wala kupogolewa. Imetuliwa mezani kama ilivyofika.

Tena kuna sababu ya kiuchumi inayoifanya nchi ya chai iwe na haja ya picha zake kuliko sehemu nyingine. Chai yetu nyingi husafirishwa hadi mnada wa Mombasa, hununuliwa kwa wingi bila ya kufungwa katika pakiti, huchanganywa ng'ambo na chai za nchi nyingine, na humfikia mnywaji kwa jina la kampuni ya kigeni. Mnywaji wa London hana njia ya kujua kwamba sehemu ya kikombe chake ilitoka Kapkoros au Litein. Katika mchanganyiko huo jina la mahali hupotea, na mkulima hana uwezo wa kulizuia lisipotee. Tovuti ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jina na sura ya mahali vinaweza kubaki na mwenyewe kwa gharama ndogo. Kuchukua nafasi hiyo na kuijaza kwa shamba la watu wengine ni kuyachanganya majani yetu kwa mikono yetu.

Wala hakuna uhaba wa cha kupiga picha. Kuna misitu ya mikaratusi iliyopandwa ili kuzipatia tanuri za viwanda kuni. Kuna vichaka vilivyopogolewa vikawa sawa kama meza, na ukungu wa saa moja asubuhi unaoanza kuachana na mabonde. Kuna foleni ya kituo cha kununulia majani, na mkulima anayeukodolea macho mshale wa mizani kama asiyemwamini karani. Simu ya mwanafunzi inatosha kwa hayo yote.

Nimesema kiolezo huokoa muda. Ni haki pia kuuliza ni muda wa nani. Nchi ya chai inalifahamu swali hili kwa uchungu, kwa kuwa mashine za kuchumia ziliokoa muda wa kampuni na kuwaondolea watu kazi, na mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo ziliteketezwa Kericho kwa hasira. Hata tukiiacha siasa ya ajira kando, kila mkulima hujua kwamba mkono huchagua majani mawili na kichipukizi, ilhali mashine hukata chochote kilicho mbele yake, majani makavu na vijiti pamoja.

Kiolezo kizito hufanya kitu cha namna hiyo. Kimetengenezwa kimfae kila mtu, kwa hiyo hubeba picha zinazotembea, aina kumi za herufi na mamia ya mistari ya programu ambayo tovuti ya shule haitaitumia kamwe. Mtengenezaji ameokoa siku tano. Mzazi aliye bondeni, mwenye simu ya bei nafuu na bando la shilingi 20, hungoja ukurasa ufunguke, bando likimwagika, ili asome tarehe ya kufunguliwa kwa shule. Zidisha subira yake kwa idadi ya wazazi, kwa mihula 3, ndipo uhesabu upya muda uliookolewa. Kwa bahati, kupunguza ni rahisi kuliko kuunda: mwanafunzi akizifuta sehemu asizozihitaji na kuzipunguza picha ukubwa kabla ya kuzipakia, ukurasa hufunguka mapema zaidi. Nawashauri walimu waufanye ufutaji huo kuwa sehemu ya alama. Tumezoea kumpa alama aliyeongeza.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Picha kupatikana katika intaneti si ruhusa ya kuitumia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda picha kama inavyokilinda kitabu. Anayetaka za bure azitafute zenye leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, asome masharti yake na amtaje mpigaji iwapo leseni inadai hivyo. Na anayepiga zake mwenyewe ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya sura ya mtoto kutangazwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini hiyo. Nimesikia walimu wakuu wakiitaja faini hiyo kuwa ndiyo sababu ya kukimbilia picha za ghalani. Hofu yao ninaielewa, ila jibu limekosewa. Mikono inayochuma, mlango wa maabara, mvua ya mawe juu ya mabati ya bweni: vitu hivyo havina mzazi wa kuombwa idhini.

Limebaki jambo moja dogo ambalo halionekani kwa macho, na ndiyo maana husahauliwa. Juu kabisa ya kila ukurasa wa tovuti, katika maandishi ambayo msomaji wa kawaida hayaoni, huandikwa lugha ya ukurasa kwa herufi chache. Violezo vingi huja vikiwa vimeandikwa "en", yaani Kiingereza. Mwenye macho haimhusu. Lakini mwanafunzi asiyeona husomewa ukurasa na programu ya sauti, na programu hiyo huzitazama herufi hizo ili ijue itamke kwa lugha gani. Ikikuta "en", Kiswahili chote husomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Tangazo la msiba linaloanza kwa "pole" hutamkwa kama neno la Kiingereza la mlingoti, na "wazazi wake" huishia kwa neno lao la kuamka. Kijana huyo ana uwezo wa kusoma Kiswahili chake barabara. NVDA, programu inayotolewa bure, ina sauti ya Kiswahili ndani yake. Inangoja tu kuambiwa. Mwalimu wa kompyuta aufungue ukurasa, atafute "en", aifute, aandike "sw". Ukurasa ukiwa wa Kikipsigis, herufi ni tatu: "sgc".